Wenye famasi za mtaani Tanga: dawa imeshatoka, hela ya kadi haijarudi. Nisaini tena mkataba?

#1 BintiNgamiani (mleta uzi)

Assalaam alaykum, habari zenu wakuu na ndugu zangu wa Tanga popote mlipo.

Nina famasi ndogo Ngamiani, huku barabara za katikati. Huu ni mwaka wa saba. Nina mtoa dawa mmoja, mdogo wangu wa kike anayenisaidia kaunta jioni, na friji moja ya dawa zinazotaka ubaridi. Nimekuja kwenu kwa sababu mwisho wa mwezi huu mkataba wangu na mfuko mmoja wa bima unaisha, na usingizi siupati nikiwaza kama nisaini tena au niachane nao. Mfuko wenyewe sitautaja. Nanyi mkija na visa vyenu naomba msitaje mtu wala ofisi, tuuzungumze utaratibu wenyewe.

Kwa asiyejua inavyokwenda. Mgonjwa anatibiwa hospitali, anaandikiwa dawa, anafika dirishani anaambiwa hakuna. Anajaziwa fomu, inapigwa mhuri, anakuja kwangu na kadi. Nahakiki kadi, napata idhini, nampa dawa, anasaini, anaondoka bila kutoa hata shilingi. Hivyo ndivyo bima ilivyokusudiwa na mimi naipenda kazi hiyo. Lakini dawa ile mimi nimeinunua kwa fedha taslimu kwa muuzaji wa jumla. Fomu nazikusanya mwezi mzima, nazipeleka, zinakaguliwa, nasubiri. Hivi sasa nasubiri madai ya miezi minne. Na yakija huwa yamekatwa: hapa saini ya daktari haisomeki, hapa namba yake ya usajili haikuandikwa, hapa dozi ya siku 30 mkaguzi kaiona ni nyingi. Dawa yenyewe mgonjwa alishaimeza zamani.

La pili ni bei. Kuna dawa moja ya presha inayotoka sana dukani kwangu. Mwaka juzi boksi nilikuwa nalipata kwa 5,200. Sasa nalipata kwa 6,800. Bei ninayorudishiwa ni 6,000, haijasogea. Kila boksi ninalotoa kwa kadi linaniacha na hasara ya mia nane, hapo sijahesabu pango, LUKU, mshahara wala vibali vya mwaka.

Jumatatu iliyopita kaja mwalimu mstaafu, mteja wangu tangu nimefungua. Anakaa Makorora, huja na baiskeli, kadi kaifunga ndani ya leso. Anatumia insulini na vidonge viwili vya presha. Nikafungua friji. Chupa ya insulini ilikuwa moja. Nikampa hiyo, vidonge nikamwambia Alhamisi. Mwalimu akaikunja fomu yake polepole akasema, "Haya mwanangu, Alhamisi." Hakulalamika. Alipotoka nilikaa nyuma ya kaunta nikalia, kwa kuwa muuzaji wangu wa jumla alikuwa ameshaniambia hanipi tena mzigo mpaka nipunguze deni, na Alhamisi sikujua nitampa nini.

Mimi naona hivi, na mnisahihishe: mwenye famasi ya chumba kimoja ndiye anayeukopesha mfuko wa umma, bila riba, bila tarehe ya kurudishiwa. Wenzangu wa kazi hii mnafanyaje?

#2 KisimaChaMikanjuni

Pole dada. Mimi ni upande wa wenye kadi. Mwezi uliopita nilizunguka na fomu ya mtoto famasi tatu, zote "kadi hatupokei kwa sasa". Ya nne wakapokea lakini dawa moja hawana. Jua la saa nane, mtoto mgongoni ana homa. Nikaishia kununua kwa hela niliyoweka ya kodi ya nyumba. Siku ile niliwachukia wenye famasi wote. Leo nimesoma hapa ndio naelewa kidogo kwa nini.

#3 KijanaWaKisosora

Samahani mleta uzi, nitasema lililo moyoni. Wenye famasi na hospitali nao wameichezea sana bima. Mtu anaandikiwa dawa tatu, kwenye fomu zinasomeka sita. Kadi ya mama inatibia shangazi na jirani. Kuna wanaochukua hela badala ya dawa, wanagawana na mwenye duka. Kwa hali hiyo mfuko ukikaza ukaguzi mnalia. Nani ameanza kumuumiza mwenzake?

#4 BintiNgamiani

Kaka yangu wa Kisosora, uliyosema yapo. Kuna mtu alishakuja dukani kwangu na fomu ya dawa za laki na ushee, akaniomba nimpe elfu sitini taslimu "na wewe ubaki na iliyobaki". Nilikataa, na akaenda zake. Aliishia wapi sijui. Anayefanya hivyo anaiba fedha ya mwalimu wangu yule wa Makorora, wala simtetei. Akamatwe, afutiwe leseni.

Ila tazama ukaguzi unavyomwangukia mtu. Mwizi fomu yake huwa safi kuliko zote, maana aliyeandika uongo ana muda wa kuupanga. Fomu inayokatwa ni ya daktari aliyeona wagonjwa sabini kwa siku akasahau kuandika namba. Mimi ndiye ninayepanda daladala kurudi hospitali kumtafuta daktari aweke namba, nakuta kahamishwa.

#5 MzeeWaChuda

Nimesoma yote. Mimi nimestaafu, nilikuwa tabibu katika zahanati za mkoa huu, Pangani, Muheza na mwisho Lushoto. Niongeze historia kidogo kwa vijana.

Mwaka 1977 serikali ilipiga marufuku tiba binafsi ya kibiashara. Kilichobaki ni serikali na mashirika ya dini. Matibabu yalikuwa bure na dawa ilikuwa bure, ikiwepo. Miaka ya themanini fedha za kigeni ziliisha nchini, na dawa nazo. Kuanzia 1984 hivi tukaanza kupokea makasha ya dawa muhimu kwa msaada wa Denmark kupitia UNICEF. Kasha linakuja limefungwa, kila zahanati kasha moja kwa mwezi. Nakumbuka furaha ya kulifungua, harufu yake tu ilikuwa faraja. Lakini kilichomo ni kile kile kila mahali. Pangani, kwenye mbu, klorokwini, dawa ya malaria ya wakati ule, iliisha kabla mwezi haujafika nusu. Lushoto, kwenye baridi na vifua, klorokwini ilibaki na dawa ya kifua ikaisha. Tulikuwa tunabadilishana kwa kupeleka chupa na basi, dereva unamwomba kwa jina la Mungu.

Mwaka 1991 milango ya tiba binafsi ikafunguliwa tena. Mwaka 1993 ikatungwa sheria ya Bohari ya Dawa, MSD, na ni wakati huo huo uchangiaji, yaani mgonjwa kulipia sehemu ya gharama, ulipoanza katika hospitali za serikali. Maduka ya dawa baridi, zile zisizohitaji cheti cha daktari, yakachipua kila kona ya Ngamiani. Nataka mlione hili: famasi ya mtaani ilizaliwa kuziba pengo la dirisha la serikali. Haikualikwa kwa hisani. Dirisha likiwa tupu, mtu anavuka barabara. Sasa kama anayevuka barabara anavuka na kadi ya bima, basi anayemlipia ana wajibu ule ule ambao angekuwa nao kule dirishani.

Binti, umefanya vyema kumpa mwalimu ile chupa ya mwisho.

#6 BintiNgamiani

Shikamoo mzee wangu. Ahsante kwa maneno haya. Hilo la kubadilishana dawa kwa basi ndilo tunalolifanya mpaka leo, sema sasa ni bodaboda. Nikiishiwa namwomba mwenzangu wa Msambweni pakiti mbili za vidonge, kesho namrudishia.

#7 MzeeWaChuda

Marahaba mwanangu. Basi hilo mlikuze.

#8 PwaniNiKwetu

Nimeweka kambi hapa. Hivi na ule mgogoro wa mwaka 2024 wa kitita, yaani orodha ya huduma na bei za bima, uliishaje? Maana ndio nilianza kusikia mambo haya.

#9 MhasibuRaskazone

Nimekuwa kwenye hesabu za bima miaka mingi, sasa niko shughuli zangu binafsi. Mfuko wa mleta uzi siujui na sitaki kuujua. Nitautumia NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, kama mfano kwa kuwa mambo yake yalishajadiliwa hadharani, bungeni na magazetini.

NHIF iliundwa kwa sheria ya mwaka 1999, ikaanza kazi 2001 kwa watumishi wa serikali. Mchango ni asilimia 6 ya mshahara, nusu anatoa mfanyakazi, nusu mwajiri. Mwanzoni wachangiaji walikuwa wengi wao vijana wenye afya, kwa hiyo mfuko ulinenepa. Kisha yakatokea mambo matatu ambayo hakuna aliyeyafanya kwa nia mbaya.

Kwanza, watu walistaafu. Mstaafu aliyechangia anaendelea kutibiwa yeye na mwenza wake bila kuchangia tena. Ni haki yake kabisa, alishaitolea jasho. Lakini ni umri huo huo ndio kisukari na presha vinapoingia, na hayo si magonjwa ya kumaliza dozi ukapona. Mwalimu wa Makorora atahitaji insulini kila mwezi mpaka siku ya mwisho, Mungu ampe umri mrefu.

Pili, wanaojiunga kwa hiari wengi hujiunga wakiwa tayari wagonjwa. Toto Afya Kadi ilikuwa 50,400 kwa mtoto kwa mwaka. Mzazi wa mtoto mwenye afya haoni haraka, mzazi wa mtoto mwenye selimundu au moyo analipa asubuhi hiyo hiyo. Mwaka 2023 utaratibu ule wa mtoto mmoja mmoja ulisimamishwa, wakahamishiwa kwenye usajili wa makundi kupitia shule, na mnakumbuka kilio kilichotokea. Mantiki ya bima ilikuwa sahihi, lakini mzazi ambaye mtoto wake hajafika umri wa shule alibaki mkono kichwani.

Tatu, dola. Mwanzoni mwa 2023 dola ilikuwa kama 2,300. Katikati ya 2024 ilishapita 2,600. Sehemu kubwa ya dawa tunazotumia zinatoka nje, India zaidi. Bei kwa muuzaji wa jumla inapanda wiki hiyo hiyo. Orodha ya bei ya mfuko inasubiri kikao.

Sasa kitita. Bei mpya zilianza kutumika tarehe 1 Machi 2024, na baadhi zilikuwa chini ya zile za zamani. Hospitali binafsi, pamoja na za mashirika ya dini, zikatangaza hazitapokea wanachama wa NHIF. Waziri wa Afya wakati huo alikuwa Ummy Mwalimu, ambaye pia alikuwa mbunge wetu wa hapa Tanga Mjini, kwa hiyo mjadala ule huku kwetu ulikuwa wa nyumbani. Wakakaa meza moja, huduma zikarudi. Hospitali kubwa zilikuwa na chama, wanasheria na waandishi wa habari mlangoni. Famasi ya chumba kimoja haikuwa na msemaji kwenye meza ile, na ndio maana leo tunamsikia BintiNgamiani humu badala ya kumsikia kule.

#10 KijanaWaKisosora

Mhasibu umenifungua macho hapo kwa mstaafu. Sikuwahi kulitazama hivyo. Lakini basi suluhisho ni lipi, mfuko uchapishe noti?

#11 DukaMuhimuMuheza

Naomba kuingia kidogo kutoka shambani. Nina Duka la Dawa Muhimu njia ya kupanda Amani. Kwa wasiojua, maduka haya yalianzia Ruvuma mwaka 2003 kuchukua nafasi ya maduka ya dawa baridi, yakasambaa nchi nzima. Tunaruhusiwa orodha fulani tu ya dawa, zaidi ya hapo mgonjwa lazima ashuke mjini kwenye famasi.

Huku wengi wana ile CHF iliyoboreshwa, bima ya mfuko wa afya ya jamii, iliyokuwa 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka. Hiyo kwangu haifanyi kazi, inaishia zahanati na vituo vya serikali. Kwa hiyo zahanati ikiishiwa, mwanakijiji mwenye kadi yake halali anakuja dukani kwangu na kadi haina maana. Hana hela mpaka auze karafuu au iliki. Nafanyaje? Namwandika daftarini. Daftari langu la madeni ni nene kuliko la mauzo, na wengine humo wameshafariki, siwezi kwenda matangani kudai hela ya dawa ya malaria.

Nimesema haya ili dada wa Ngamiani ajue. Wewe unaudai mfuko, mimi nawadai majirani zangu, lakini aliyeacha pengo ni yule yule.

#12 Mswahili_Halisi

Na hili la Wamarekani kusimamisha misaada Januari 2025 halijawaongezea mzigo? Mjini huku watu walikuwa na hofu ya kukosa ARV, dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI.

#13 BintiNgamiani

Ndugu, ARV haziuzwi kwenye famasi kama yangu, zinapita kwenye mkondo wa serikali kupitia MSD mpaka kliniki. Hofu ilikuwepo, watu walikuja kuniuliza kwa sauti ya chini kama naweza "kutafuta". Nikawarudisha kliniki zao. Lakini nilijiuliza, serikali ikilazimika kuchota kwingine izibe pengo lile, itachota wapi? Jibu sina.

#14 MtangaLeicester

Wandugu, salaam kutoka Uingereza. Mimi ni mzaliwa wa Chumbageni, nimefanya kazi famasi za mtaani huku miaka tisa, nilianza kaunta, sasa ni fundi dawa. Nimeusoma uzi huu usiku baada ya zamu na nimeshindwa kulala bila kuandika, kwa sababu mnalolisema ndilo tunaloishi, na mkiambiwa hamtaamini kuwa ni nchi tajiri.

Huku mgonjwa akija na karatasi ya daktari analipa pauni 9.90 kwa dawa moja, au halipi kabisa. Watoto, wazee wa 60 na kuendelea, wajawazito, wenye kipato cha chini na wenye maradhi kama kisukari hawalipi. Kwa hesabu, karibu dawa tisa katika kumi zinatoka bila mgonjwa kutoa kitu. Famasi yenyewe ni ya mtu binafsi au kampuni. Inanunua dawa kwa hela yake, inaitoa, kisha inadai serikalini kupitia NHS, huduma ya afya ya taifa ya huku. Mnaona mfanano?

Fungu la famasi za jamii England lilifungwa kwenye pauni bilioni 2.592 kwa mwaka, kuanzia 2019/20 mpaka 2023/24. Miaka mitano, namba ile ile. Katikati hapo imepita korona, umeme umepanda, mishahara imepanda, pango limepanda, na karatasi za dawa zimeongezeka. Bei ya kurudishiwa inapangwa na serikali katika orodha inayotoka kila mwezi. Ukinunua juu ya bei hiyo, hasara yako. Zikitokea famasi nchi nzima zimenunua kwa bei nzuri zikapata faida kupita kiwango kilichokubaliwa, serikali inashusha bei za orodha ili kurudisha kile kilichozidi. Kuna siku nilikuwa nampigia simu muuzaji wa nne kutafuta dawa moja ya kawaida kabisa, bosi wangu akaniambia, ipate kwa bei yoyote, mama yule hawezi kukaa wikiendi bila dawa. Tuliinunua kwa bei mara mbili ya ile tuliyorudishiwa.

Matokeo: tangu 2017 zimefungwa famasi zaidi ya elfu moja England. Januari 2023 LloydsPharmacy ilitangaza kufunga matawi yake yote 237 yaliyokuwa ndani ya maduka ya Sainsbury's. Novemba 2024 wanachama wa chama cha famasi binafsi, National Pharmacy Association, walipiga kura ya kuunga mkono kupunguza huduma, kama kufungua saa chache au kuacha kupeleka dawa nyumbani bure. Chama kile kina zaidi ya miaka mia moja na kilikuwa hakijawahi kuitisha kura ya namna hiyo. Fikirieni wafamasia, watu wapole wa makoti meupe, wamefika hapo.

Serikali haikukaa kimya. Januari 2024 ilianzisha Pharmacy First, mfamasia anatibu magonjwa madogo saba bila mgonjwa kwenda kwa daktari: koo, sikio, sainasi, mkojo kwa wanawake, mkanda wa jeshi, upele wenye usaha na kung'atwa na mdudu kulikoingia maambukizi. Mwanzoni alilipwa pauni 15 kwa ushauri mmoja. Wazo zuri, wagonjwa wanalipenda. Machi 2025 wakatangaza fungu jipya la bilioni 3.073 kwa 2025/26. Watu wakashangilia. Lakini mwezi huo huo ikatoka tathmini iliyoagizwa na NHS yenyewe, ikionyesha gharama halisi ya kuendesha huduma hizo ni zaidi ya bilioni 5. Na Aprili mchango wa mwajiri kwenye bima ya taifa, yaani makato ya mishahara yanayokwenda serikalini, ukapanda kutoka asilimia 13.8 hadi 15, kima cha chini cha mshahara nacho kikapanda. Mkono mmoja umepewa, mwingine umechukua.

Famasi niliyoanzia kazi imefungwa. Siku ya mwisho alikuja bibi mmoja Mhindi aliyezaliwa Mombasa, ambaye tukiongea naye Kiswahili tu. Akauliza, sasa nani atanisomea lebo? Famasi nyingine iko mabasi mawili kutoka kwake.

#15 KisimaChaMikanjuni

Huyo bibi wa Mombasa kaniliza.

#16 MzeeWaChuda

MtangaLeicester, mwanangu, umetufaa sana. Nina swali moja. Huko hela ikichelewa huchelewa kiasi gani?

#17 MtangaLeicester

Shikamoo mzee. Hapo ndipo wenzetu wametuzidi. Tarehe zinajulikana. Karatasi zinapelekwa mwanzo wa mwezi unaofuata, na kuna malipo ya awali yanayoingia kwa makadirio kabla hesabu kamili haijakamilika, kisha wanarekebishana baadaye, kilichozidi kinakatwa, kilichopungua kinaongezwa. Kwa hiyo shida yao kubwa ni kiasi. Ya dada wa Ngamiani ni kiasi na muda, zote mbili.

#18 MhasibuRaskazone

Hapo pamenigusa, na ndilo jibu langu kwa KijanaWaKisosora aliyeuliza kuhusu kuchapisha noti. Hahitajiki mtu kuchapisha noti. Kuna mambo mawili yasiyohitaji fungu jipya.

La kwanza: lipa kisichobishaniwa. Famasi ikileta fomu 300 na 20 zina kasoro, 280 zilipwe kwa tarehe, 20 ndizo zibaki mezani. Kwa visa nilivyoviona kwa macho yangu, fomu 20 zinazuia 280. Bahasha nzima inalala kwa sababu ya karatasi chache.

La pili: bei za dawa zisisubiri mapitio ya miaka. Dawa zile hamsini sitini zinazotoka kila siku, za presha, kisukari, pumu na kifafa, zitazamwe kila robo mwaka dhidi ya bei ya jumla ya kweli. Zikishuka, mfuko unafaidika. Zikipanda, famasi haizami. Ni haki pande zote.

Na lipo la tatu, ila hili linataka Bunge na bajeti. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa Novemba 2023. Maana yake wenye kadi wataongezeka sana. Kama leo kwa wanachama hawa famasi ya Ngamiani inadai miezi minne, wakiongezeka bila mfumo wa malipo kurekebishwa, kadi itakuwa nyingi na kaunta itakuwa tupu.

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Mimi natamani siku moja wenye mifuko waione fomu ya famasi kama deni la kweli, lenye jina la mtu na tarehe.

#19 FamasiYaMsambweni

Mimi ndiye yule wa pakiti mbili, BintiNgamiani hajanitaja. Niliacha kupokea kadi mwaka jana. Niwaambieni ilivyokuwa: nilipata nafuu ya fedha, nikapoteza wagonjwa wa kudumu. Wa kadi ndio wanaokuja kila mwezi bila kukosa, na akija kuchukua dawa yake ananunua na dawa ya mafua ya mjukuu, na pamba, na sabuni ya mtoto. Walipoondoka, na hivyo vikaondoka. Sasa nauza panadoli na vidonge vya tumbo. Duka linaishi, lakini kazi niliyosomea siifanyi. Zamani nilikuwa nampima mtu presha, nagundua dawa hainywi sawasawa, namrudisha kwa daktari. Sasa mtu anasema nipe ya mia tano, anaondoka.

Dada usiache haraka kama mimi. Lakini pia usife na deni. Jambo ninaloliona ni tununue pamoja. Muuzaji wa jumla akiona oda ya famasi sita bei inashuka, na usafiri kutoka Dar unagawanywa.

#20 DukaMuhimuMuheza

Famasi sita na maduka muhimu manne ya huku, mkikubali. Na mimi nimo.

#21 BintiNgamiani

Wakuu, narudi baada ya siku tisa. Samahani kwa ukimya.

Kwanza, Alhamisi ile mwalimu alipata vidonge vyake. FamasiYaMsambweni alinitumia kwa boda, hakutaka niseme ila nasema.

Pili, yameingia malipo ya miezi miwili kati ya minne, yakiwa yamekatwa kama kawaida. Nimempelekea muuzaji wangu wa jumla zaidi ya nusu, na amekubali kunipa mzigo mdogo mdogo. Fomu zilizokatwa nimezipanga upya mezani usiku kucha, mdogo wangu akinisomea namba mimi naandika. Nyingi ni kasoro za kalamu. Nimeamua kuanzia sasa fomu isiyo na namba ya daktari sitoi dawa kabla sijampigia simu, hata foleni ikifika barabarani. Mtanisamehe wagonjwa wangu.

Tatu, nimesaini. Mwaka mmoja. Nilikaa na ile karatasi siku mbili, nikakumbuka maneno ya Msambweni kuhusu kazi tuliyosomea. Lakini nimeambatanisha barua niliyosaidiwa na MhasibuRaskazone kuiandika, yenye yale mawili: lipeni kisichobishaniwa kwanza, na tazameni bei za dawa za kila siku kila robo mwaka. Nimeweka orodha ya dawa 23 ninazotoa kwa hasara, bei niliyonunulia na risiti zake. Wameipokea na kunigongea mhuri wa kupokelewa. Famasi nyingine tano zimesaini barua kama hiyo hiyo kwa orodha zao wenyewe.

Kuhusu kununua pamoja, tunakutana Jumamosi baada ya alasiri dukani kwangu. DukaMuhimuMuheza ukishuka na gari la mchana utawahi. Njoo na lile daftari, mhasibu anataka kuliona.

Mwalimu kapita leo asubuhi. Kaegemeza baiskeli ukutani, kafungua leso. Kwenye friji zilikuwepo chupa nne.